Je, Wajua? Kidonge cha Maumivu na Kazi ya Ndege

Je, wajua kuwa nchini Marekani vidonge vya maumivu ulivyoandikiwa na daktari wa meno vinaweza kuonekana kwenye kipimo cha dawa za kulevya kazini?

• Tangu Januari 1, 2018, vipimo vya wafanyakazi wa usafiri wa anga nchini humo hutafuta pia dawa za maumivu za oksikodoni na haidrokodoni, mbali na kodeini, mofini na heroini.

• Hawapimwi marubani peke yao. Wamo wahudumu wa ndani ya ndege, mafundi na waongoza ndege.

• Dawa ikionekana, mwajiri haambiwi papo hapo. Daktari mhakiki huzungumza kwanza na mfanyakazi, na cheti cha dawa kikithibitika kuwa halali, majibu hutolewa kuwa hasi.

• Hata hivyo, cheti si kibali cha kuruka. Dawa hizi huleta usingizi na kupunguza umakini. Mhakiki akiona hatari, humpa mfanyakazi siku 5 za kazi ili daktari wake awasiliane na mhakiki, kisha mhakiki anaweza kumwarifu mwajiri.

Mweleze daktari kazi yako kabla hajaandika dawa. Usalama wa abiria huanzia hapo.