Wekundu Usioonekana

Wengi wetu hapa Njoro tunaye jirani au jamaa aliyewahi kuugua saratani. Kwa muda mrefu, aliyehitaji kutibiwa kwa mionzi alilazimika kufunga safari hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Siku hizi hospitali kuu ya kaunti pale Nakuru ina kituo chake. Basi habari hii ya ngozi imetukaribia.

Mionzi hulengwa kwenye uvimbe, lakini haina budi kupitia ngozi. Mgonjwa wa saratani ya matiti, mathalani, huenda akapewa grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi) kila siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma 5. Siku za mwanzo haoni kitu. Juma la pili au la tatu likifika, ngozi ya pale huanza kupata joto, kuwasha na kuuma. Baadaye yaweza kubambuka, na ikizidi hutoa majimaji. Hapo daktari huenda akasimamisha matibabu kwa siku kadhaa, na saratani nayo hailali. Ndiyo maana ni heri kujua mapema.

Sasa taabu yenyewe ni hii. Kipimo kinachotumiwa sana, cha kundi la Kimarekani liitwalo RTOG, kilichochapishwa mwaka 1995, huanza kwa kutazama wekundu: hafifu ni daraja la 1, mkali ni daraja la 2. Wekundu! Kwa Mzungu sawa, atakuwa kama nyanya. Sisi je? Ngozi yetu huzidi weusi tu, na jicho laweza kusema hakuna kitu huku mgonjwa anaungua.

Lakini wekundu ule ni nini hasa? Ni damu, bwana. Chembe za ngozi zikijeruhiwa, mwili hupanua vijishipa ili damu ifike kwa wingi, kama mkulima anayepanua mfereji shambani. Damu huongezeka kwa mweupe na kwa mweusi vilevile. Kinachotofautiana ni pazia lililo juu yake.

Basi kwa nini tusipime damu yenyewe? Simama kando ya barabara ya Nakuru, usikilize matatu ikija mbio huku ikipiga honi: sauti ni nyembamba, ikishakupita inakuwa nzito. Christian Doppler wa Austria alilieleza jambo hili mwaka 1842. Mwanga nao hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1975 Michael Stern alionyesha kwamba mwanga wa leza ukimulikwa ngozini, ule unaogonga chembe nyekundu za damu zinazotembea hurudi umebadilika kidogo. Chombo huupokea, kikatoa namba ya damu inayopita katika takriban milimita 1 ya juu. Hakuna sindano, hakuna kukata.

Namba hiyo peke yake haisemi mengi. Rangi ya ngozi humeza sehemu ya mwanga, na baridi (ya Njoro mnaijua!) hubana mishipa. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa kabla ya kuanza mionzi, akiwa ametulia katika chumba chenye joto la kawaida, halafu hupimwa tena na tena, titi linalotibiwa likilinganishwa na lile jingine. Namba ikipanda upande mmoja tu, ngozi imeanza kulalamika.

Vyombo hivi bado ni vya watafiti zaidi. Wodini kazi hubaki kwa mkono na ulimi: muuguzi aguse ajue joto, aulize kama panauma au panawasha, na mgonjwa aseme bila kungoja aone rangi.