CV ya kwanza: kazi ulishafanya, iandike

Kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi karibu na vyuo vya Bukavu, CV ya kwanza huzaliwa kutoka CV ya mtu mwingine. Mchapaji hufungua faili ya mteja aliyepita, hufuta majina yake matatu na kuweka mengine, hubadili tarehe ya kuzaliwa, wilaya ya asili na hali ya ndoa, kisha humuuliza kijana aliyesimama nyuma yake: ulishafanya kazi wapi? Kijana husita. Mchapaji hana muda, foleni ni ndefu na umeme unaweza kukatika wakati wowote. Basi kwenye sehemu ya uzoefu huandikwa neno moja la Kifaransa: néant, yaani hakuna. Chini ya ukurasa kinabaki kiapo kinachofunga karibu kila CV ya Kongo, kwamba mwenye kuandika anaapa kwa heshima yake kuwa habari zote hizo ni za kweli. Kijana anatia sahihi.

Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi anachokiapia si kweli. Huyo aliyeandika kwamba hana kazi aliyowahi kufanya ameshika fedha za watu, amefundisha darasa, amezunguka mlango kwa mlango na vipeperushi vya afya, ameuza samaki wadogo waitwao sambaza alfajiri kabla ya kwenda shuleni. Ila hakuwa na mkataba wala mshahara wa mwezi, na kwake yeye kazi isiyo na mkataba si kazi.

Mji wenyewe umemfundisha hivyo. Mwajiri wa kuheshimika hapa alikuwa Serikali, kanisa, hospitali, chuo, kiwanda kama Bralima au Pharmakina, na juu ya wote, tangu vita vya 1996 na 1998, alikuwa ONG, yaani shirika lisilo la kiserikali. Kizazi kizima kilisoma kikitazama magari ya mashirika yakipita barabara ya Patrice Lumumba. Kisha ukaja mwaka 2025. Marekani ilikata misaada yake, waasi wa M23 wakauteka mji mwezi Februari, na miradi mingi ikasimama. Leo anayetafuta kazi ya kwanza anashindana na mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi aliyeachishwa kazi. Katika ushindani wa namna hiyo, kujiandikia néant ni kujitoa kabla hujaitwa.

Chukua kijana wa kabine ya fedha za simu. Benki zilipofunga milango Bukavu, fedha ya mji ilipita mikononi mwake. Anakaa chini ya mwavuli na simu zake, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, akipokea na kutoa kwa faranga na kwa dola. Anajua bei ya kubadilisha ya asubuhi na ya jioni. Anajua kwamba dola iliyochanika hata kidogo pembeni hakuna atakayeipokea kesho, kwa hiyo anaikagua noti kabla hajabonyeza chochote. Jioni, fedha taslimu na fedha iliyomo kwenye simu lazima zilingane na mtaji aliokabidhiwa, na pengo lolote analilipa mwenyewe. Kazi hiyo ofisini ina jina, meza na mshahara. Kwenye CV yake haimo, kwa sababu anaona aibu kuandika kwamba alikaa barabarani.

Aandike: miaka fulani hadi fulani, mhudumu wa kabine, Nyawera, kuweka na kutoa fedha kwa mitandao mitatu na kwa sarafu mbili, kufunga hesabu kila jioni, mwenye kabine yuko tayari kuthibitisha. Ni mistari mitatu tu, wala hakuna kilichotiwa chumvi.

Au chukua katibu wa AVEC. Vikundi hivi vya kuweka na kukopa, ambavyo mtindo wake ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, vimeenea Kivu yote. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa na mtu mwingine. Siku ya mkutano mama wanakaa duara, kila mmoja na kitabu chake, hisa zinanunuliwa, mikopo inatolewa, riba inahesabiwa, kando kukiwa na fungu la kusaidiana kwa msiba na ugonjwa. Mara nyingi anayeshika kalamu ni binti wa mmoja wao, aliyemaliza diploma ya Serikali, kwa kuwa wao walisema: wewe umesoma, utuandikie. Kosa la faranga mia tano hugunduliwa palepale mbele ya wote. Mwisho wa mzunguko anagawa fedha za mwaka mzima, kila mama akipata kulingana na hisa zake. Nimewaona mabinti wa aina hii wakitafuta nafasi ya ukarani wa fedha na barua isiyotaja hata neno moja la sanduku hilo. Mwajiri angependa kujua kikundi kilikuwa na watu wangapi, binti alikaa na daftari kwa mizunguko mingapi, na nani alikuwa rais wa kikundi. Hayo yote anayo kichwani.

Waliosoma pedagojia wanasahau kwamba waliwahi kusimama mbele ya darasa halisi, na karatasi ya maandalizi ya somo waliyoiandika kwa mkono wao, mwalimu mwenye darasa akiwa amekaa nyuma akitoa alama. Waliosoma ufundi wa afya wamezunguka vitanda vya wagonjwa usiku. Wao huandika «staji» na jina la shule au hospitali, basi. Andika ulifundisha somo gani, darasa la ngapi, wiki ngapi. Andika ni idara gani ya hospitali na ulifanya nini kwa mikono yako.

Kisha kuna kujitolea, ambako kijana wa hapa anakuona kama sala: jambo la moyo, lisilofaa kutangazwa. Mei 2023 mafuriko yaliposomba Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe na kuua mamia ya watu, wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walichimbua miili kutoka kwenye matope na kuizika. Mwaka 2024 mpox ilipolipuka kutoka Kamituga, wahamasishaji wa kijamii walipita nyumba hadi nyumba wakieleza dalili na kujibu hofu za watu. Vijana wa Xaveri, harakati iliyozaliwa hapahapa Bukavu miaka ya 1950, hulea watoto kambini, wanapanga chakula chao na usalama wao. Kuyaandika haya kwa unyenyekevu, na mahali na tarehe, hakuondoi thawabu yake. Kunamwambia msomaji kwamba wewe ni mtu anayefika siku ya shida.

Lugha nazo huzikwa mstari wa mwisho. Karibu kila CV inasema Kifaransa vizuri sana na Kiingereza vizuri. Lakini uchunguzi wa afya huko Walungu unahitaji mtu wa Mashi, Kalehe na Idjwi wanahitaji Kihavu, Mwenga na Shabunda Kilega, Fizi Kibembe. Shirika linalotafuta wadadisi wa wiki mbili linaweza kumchagua kijana wa Kadutu, hapa mjini, kwa sababu tu ataongea na bibi wa kijijini bila mkalimani. Iandike lugha ya nyumbani, na useme unaiongea tu au unaiandika pia.

Mengine ni mafupi. Masomo yatangulie, kwa kuwa ndiyo yenye uzito zaidi kwa sasa. Tangu vyuo vilipohamia mfumo wa LMD, lisanse ya leo ya miaka mitatu si ile ya zamani ya miaka mitano, kwa hiyo taja mfumo na mwaka, usimwache msomaji akisie. Taja kichwa cha kazi yako ya mwisho wa masomo. Ukurasa mmoja unatosha. Matangazo mengi hudai pia kadi ya mtafuta kazi ya ONEM. Itafute kabla tangazo halijatoka. Na hakikisha mchapaji amefuta simu za mashahidi wa mteja aliyepita.

Usidanganye. Kijana anayejitangaza bingwa wa Excel atawekwa mbele ya kompyuta, maana mashirika mengi hapa hutoa mtihani kabla ya mahojiano. Aliyesema anajua kidogo na anaendelea kujifunza anabaki na heshima yake. Yule mwingine jina lake litasemwa, na Bukavu ni mji ambao watu wanajuana.

Pamoja na hayo yote, kuna kitu kijana hawezi kujipa mwenyewe. Mwajiri huomba watu watatu wa kuthibitisha, wenye simu, wasio ndugu. Mtoto wa afisa hapati tabu kuwapata. Binti wa sanduku la AVEC, kijana wa kabine, mhamasishaji wa mpox, wao wamefanya kazi miaka miwili bila karatasi hata moja. Sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 inamtaka mwajiri, mkataba unapoisha, ampe mfanyakazi cheti kinachoeleza aina ya kazi na muda wake. Wale ambao hawakuwa na mkataba wa maandishi ni vigumu kwao kukidai cheti hicho. Wanategemea wema wetu.

Kwa hiyo maneno haya ya mwisho ni kwa wakubwa: mwenye duka, paroko na mchungaji, prefe wa shule, rais wa AVEC, kiongozi wa kwaya, mganga mkuu wa kituo cha afya. Kuna kijana aliyekufanyia kazi ukamshukuru kwa mdomo. Mwandikie cheti wiki hii: majina yake, tangu lini hadi lini, alifanya nini, jina lako, sahihi, muhuri kama unao, na namba ya simu ambayo ikipigwa utaijibu.