Pikapu Yenye Injini Kiunoni

Ye yote aliyepanda Hiace kutoka Tororo kwenda Busia, akapata kiti cha mbele karibu na dereva, analijua joto lile linalopanda chini ya mapaja. Latoka kwenye injini. Katika gari lile injini haikai puani kama ilivyo katika pikapu zetu. Imelazwa chini ya viti, na fundi akitaka kuifikia hana budi kuwateremsha abiria kwanza. Lori dogo la Suzuki Carry, ambalo jirani zetu wa Tanzania huliita kirikuu, lina tabia hiyo hiyo. Na kampuni ya Honda ilikwenda mbali zaidi: katika lori lake dogo liitwalo Acty, lililoundwa tangu mwaka 1977 hadi 2021, injini ilifichwa chini ya sakafu ya mizigo, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba pikapu yenye injini katikati ni ndoto ya walevi.

Nayataja magari hayo kwa kuwa vijana kadhaa wa hapa Rubongi, baadhi yao askari walio likizoni, wamekuwa wakiniuliza kama yawezekana kuichukua pikapu kuukuu, kuihamishia injini kiunoni, na kwenda nayo katika mbio za wasiolipwa kule Busiika, kaskazini mwa Kampala. Yawezekana. Lakini kwanza yafaa tuulizane faida yake ni nini, kisha tuzungumze juu ya hatari, maana hatari zake si zile ambazo dereva wa kawaida amezizoea.

Chukua mti wa kubebea maji begani. Fungia dumu moja kila ncha, kisha jaribu kugeuka upesi: mti utakuvuta, na ukitaka kusimama utaendelea kukuzungusha. Sasa yasogeze madumu yale yale hadi karibu na shingo yako. Uzito haukupungua hata chembe, lakini utageuka kwa wepesi kama asiyebeba kitu. Hiyo ndiyo siri yote ya injini ya katikati. Waendesha baiskeli wa Busia, wale waliowavusha watu baina ya vituo viwili vya mpaka na kuupa ulimwengu neno bodaboda, waliijua siri hiyo bila ya kitabu: gunia likikaa nyuma mno ya gurudumu, usukani huwa mwepesi na baiskeli hupepesuka.

Pikapu tupu ni mti wenye dumu upande mmoja tu. Tuseme ina uzito wa kilo 1,200. Huenda 720 ziko juu ya magurudumu ya mbele na 480 tu nyuma, ambako ndiko nguvu ya injini inakopelekwa. Ndiyo maana katika murram yenye mawimbi mkia wake hurukaruka kama mbuzi. Ikiwa injini na gia zina kilo 200, ukazisogeza nyuma mita 1.8 katika gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.6, basi karibu kilo 138 huhama kutoka mbele kwenda nyuma. Utabaki na kilo 580 hivi mbele na 620 nyuma. Magurudumu ya nyuma sasa yataishika ardhi.

Lakini tusidanganyane. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, imeyapima magari ya namna hii kwa ukali. Mwaka 1975 Lancia Stratos, yenye injini ya Ferrari nyuma ya mgongo wa dereva, zilishika nafasi ya pili na ya tatu. Aliyeshinda alikuwa Ove Andersson katika Peugeot 504, gari la familia ambalo wazee wetu walilitumia kama teksi. Katika miaka ya 1984, 1985 na 1986 ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica, injini mbele, na Lancia 037 ya injini ya katikati ikatosheka na nafasi ya tatu mwaka 1986. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, zote kwa Datsun zenye injini mbele. Katika njia ndefu ya mashimo, gari lisilovunjika hulishinda gari linalogeuka upesi. Mzunguko mfupi wa kiwanjani ni habari nyingine, na hapo ndipo injini ya katikati hulipa gharama yake.

Sasa kazi yenyewe. Usijaribu kuirudisha nyuma injini ya pikapu pamoja na shafti yake ndefu, hakuna nafasi. Tafuta gari dogo lililoharibika bodi, ambalo magurudumu yake ya mbele ndiyo yanayosukuma. Injini, gia na difu vya gari la namna hiyo ni kitu kimoja, na shafti mbili fupi zatoka humo moja kwa moja hadi magurudumuni. Kiinue kitu hicho chote pamoja na vikombe vya magurudumu, ukiweke mbele ya mahali pa magurudumu ya nyuma ya pikapu. Toyota yenyewe ilitumia mbinu hiyo ilipounda MR2 ya mwaka 1984 kwa vyombo vya Corolla.

Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia. Vikombe vile viliumbwa kwa ajili ya magurudumu ya mbele, yaani vinakata kona. Vikihamishiwa nyuma, ile mikono iliyoshikwa na tairodi za usukani sharti ifungwe kwa fimbo madhubuti kwenye chesi, isisogee hata upana wa ukucha. Miaka mingi iliyopita mimi na mwenzangu tuliifunga mikono hiyo kwa vipande vya chuma chembamba, tukavichomelea jioni kwa haraka kwa kuwa mvua ilikuwa ikija. Kesho yake, katika uwanja wa majani, kipande cha kushoto kilikatika nilipokuwa nikikata kona. Gurudumu la nyuma likaamua njia yake. Sikumbuki kugeuka, nakumbuka kichuguu tu, na baadaye sauti ya mke wangu ikimwuliza mwenzangu ni nani aliyemruhusu mgonjwa kunyanyuliwa kwa mikono. Mtulinga wangu wa kushoto haujanyooka hadi leo. Hatukuwa na kizimba cha mabomba, wala mkanda zaidi ya ule wa zamani wa begani. Kofia ngumu tulikuwa nayo moja, nayo aliivaa yeye aliyekuwa akitazama.

Kwa hiyo nasema bila ya haya: kizimba kitangulie injini. Kiundwe kwa bomba za chuma zisizo na mshono, zenye kushikamana na chesi kwa mabamba mapana, si kwa ncha tu. Baina ya kiti na injini pawepo ukuta wa chuma usio na tundu lililo wazi. Kila waya na bomba upite katika mpira uliobana. Tangi la petroli lisikae pamoja na injini chumba kimoja, wala chini ya kiti. Tarehe 2 Mei 1986, katika mbio za Corsica, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walitoka barabarani katika Lancia Delta S4, gari la injini ya katikati ambalo matangi yake yalikuwa chini ya viti. Gari liliangukia bondeni likawaka, na wote wawili wakafa humo. Magari ya daraja lile yalipigwa marufuku kuanzia msimu wa 1987.

Rejeta na ibaki mbele inakopata upepo, lakini mabomba yake sasa ni marefu, na maji hupenda kuficha hewa katika bomba refu. Kopo la kujazia maji liwe juu kuliko kila kitu, na pawe na tundu la kutolea hewa mahali bomba linapopinda juu. Injini iliyokufa kwa joto katika karakana zetu aghalabu haikukosa maji, ilijaa hewa.

Breki nazo zibadilishwe. Gari dogo ulilolichinja lilitegemea breki za mbele kuliko za nyuma. Pikapu yako mpya ina uzito mwingi nyuma, nayo yataka mgawanyo wake yenyewe. Ipeleke kwenye mizani ya ghala la nafaka, upime magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, ukiwa umeketi ndani. Usikisie.

Na uendeshaji wake? Gari hili hukata kona upesi, na kwa sababu hiyo hiyo huzunguka upesi. Dereva wa Land Cruiser akiogopa katikati ya kona huachia mafuta, na gari humsamehe. Huku ukiachia mafuta ghafula uzito huhamia mbele, mkia huwa mwepesi, nawe utajikuta ukitazama ulikotoka. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha kanyaga mafuta polepole hadi utoke.

Liko jambo ambalo kina mama huliona kabla yetu. Pikapu yenye injini sandukuni haichukui tena ndizi, wala mkaa, wala saruji. Honda waliinusuru sakafu ya Acty kwa kutumia injini ndogo iliyolazwa. Sisi wenye injini ya Corolla hatuna bahati hiyo. Basi ikiwa pikapu hiyo ndiyo inayolipa karo, iacheni kama ilivyo, mtafute nyingine iliyokwisha kufa. Na vipuri vinunuliwe kwa fedha ya mtu mwenyewe: gari la serikali lililosimama karakanani si duka. Mkopo wa SACCO kwa ajili ya mbio mimi nisingeuchukua, na mke wangu asingetia sahihi.

Pikapu hii haina haki ya kutembea barabarani. Ipakieni juu ya lori hadi kiwanjani, zaidi ya kilomita 200. Siku ya kwanza msikimbie. Tieni rangi nyeupe mstari mmoja juu ya kila nati na chuma inakokaa, zungukeni mara kumi kwa gia ya pili, kisha mlale chini na tochi mtazame mistari. Iliyokatika, nati yake imegeuka. Mtu mmoja asimame kando na mtungi wa kuzimia moto, pini ikiwa tayari, asiondoke hata akiitwa chai. Siku hizi kazi hiyo kwetu huifanya mke wangu, na hakuna aliyewahi kumwita mara mbili.