Mizani ya Mtoto Asiyezaliwa Bado

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mkunga mimba inapoingia miezi yake mitatu ya mwisho, ni machache yaliyo mazito kuliko hili: je, mtoto aliye tumboni anakua ipasavyo, au riziki yake imepungua bila ya mama mwenyewe kuhisi lolote? Kwa karne nyingi jawabu lilitafutwa kwa viganja vya mikono, na hata leo katika kliniki zetu utepe hunyoshwa kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha tumbo la uzazi, kwa kuwa baina ya wiki ya 24 na ya 36 urefu huo kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Kipimo hiki ni chepesi na kina manufaa, lakini hakiwezi kutenga mwili wa mtoto na maji yanayomzunguka, wala hakisemi neno juu ya damu inayomlisha.

Njia ya kumtazama mtoto mwenyewe ilifunguliwa Glasgow, mji wa Uskoti uliosifika kwa kuunda meli, ambako tabibu Ian Donald, akishirikiana na John MacVicar na mhandisi Tom Brown, alikitwaa chombo kilichokuwa kikitafuta nyufa ndani ya vyuma akakielekeza kwenye mwili wa binadamu, na mwaka 1958 akatangaza matokeo yake katika jarida la Lancet. Ultrasaundi, kwa jina tunalolijua, hupeleka mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, na mwangwi unaorudi kutoka katika nyama na mifupa hugeuzwa kuwa picha, pasipo kutumia miale ya eksirei.

Katika picha hiyo mpimaji hutafuta mambo matatu hasa: mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, ambavyo huunganishwa kwa hesabu ili kukadiria uzito. La tumbo ndilo lenye habari nyingi kupita yote, kwa sababu ini la mtoto huweka akiba ya sukari. Chakula kinapopungua akiba hiyo hutumika, ini hunywea na tumbo hubaki nyuma, ilhali kichwa aghalabu huendelea kukua, maana mwili huupa ubongo damu kwanza na kuvinyima viungo vingine. Figo nazo zikipata damu kidogo mkojo wa mtoto hupungua, na kwa kuwa mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji ya uzazi katika miezi ya mwisho, upungufu wa maji huwa dalili nyingine ya dhiki.

Hata hivyo, vipimo vyote hivi havina maana ikiwa umri wa mimba haujulikani kwa yakini. Mkulima aonaye mahindi yaliyofika magotini hawezi kusema kuwa yamedumaa mpaka ajue siku yalipopandwa, kadhalika tabibu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na kadiri inavyowahi ndivyo umri unavyokuwa thabiti. Tena kipimo kimoja hueleza ukubwa tu. Makuzi hujulikana kwa kulinganisha vipimo viwili au zaidi, vilivyoachana kwa muda usiopungua wiki 2, kwani makisio ya uzito yaweza kukosea kwa asilimia 10 hata 15, na mtoto aliyekisiwa kuwa na gramu 2,500 yamkini ana 2,250 au 2,750.

Mtoto huitwa mdogo kwa umri wake akiwa katika 10 walio wadogo zaidi kati ya 100. Lakini udogo si ugonjwa: wengi wao ni wazima, wamerithi maumbile ya wazazi wao. Wa kuhofiwa ni yule ambaye kondo la nyuma limeshindwa kumlisha, naye hutambuliwa kwa kipimo cha Doppler, ambacho husikiliza mwendo wa damu katika ateri za kamba ya kitovu. Damu hiyo yapasa kwenda mbele hata moyo unapopumzika baina ya pigo na pigo. Ikisimama, au ikirudi nyuma, hatari ni kubwa.

Watoto waliotumika kuchora chati ambazo udogo huo hupimwa nazo hawakutoka Ulaya peke yake. Viwango vya INTERGROWTH-21st, vilivyotolewa mwaka 2014, vilijengwa kwa mimba za kina mama wenye siha na lishe njema katika miji minane, Nairobi na Muscat ikiwamo. Na vile vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2017, ambavyo kina mama wa Kinshasa walishiriki, vilionyesha tofauti kiasi baina ya nchi na nchi. Basi tabibu mwenye busara hausomi mstari wa chati bila ya kumtazama mama aliye mbele yake.

Hakuna dawa iliyothibitika ya kulirudishia nguvu kondo lililodhoofu. Tiba ni uangalizi wa karibu na kuchagua wakati wa kuzalisha: kungoja kupita kiasi ni kumwacha mtoto afe tumboni, na kuharakisha kupita kiasi ni kumtoa njiti, na panapolazimu kuzalisha mapema, mama huchomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Lakini baadhi ya sababu huzuilika: malaria huingia hata katika kondo la nyuma, kwa hiyo chandarua na SP, dawa ya kuzuia malaria, ni kinga ya makuzi pia; presha, upungufu wa damu na tumbaku navyo vyataka hadhari.

Si kila mjamzito anayehitaji ultrasaundi miezi ya mwisho. Ni haki ya yule ambaye utepe umetia shaka, mwenye presha, mwenye pacha, au aliyewahi kuzaa mtoto mdogo mno au mfu. Kwa wote nasihi yangu ni moja: wahini kliniki mimba ingali changa, hifadhini karatasi za kipimo cha kwanza pamoja na kadi, na mtoto akipunguza kucheza msingoje tarehe ya miadi, nendeni hospitali siku ileile.