Maji ya Rwizi na Mawimbi ya Jinja

Mtu asimamaye juu ya daraja la Mto Rwizi mjini Mbarara, hasa katika miezi ya kiangazi, maji yanapokuwa haba na rangi yake ni ya udongo, hawezi kusadiki kwa wepesi kwamba mto huo, utokao katika milima ya Buhweju na kupita mjini kimya kimya, una shirika katika ghadhabu ya maji inayowavuta wageni wa mataifa mengi kuja Jinja. Lakini ndivyo ilivyo. Rwizi huteremkia mashariki, hujimwaga katika maziwa na vinamasi vya Mburo na Kachera, Ziwa Nakivale likiwa katika jamaa hiyo hiyo ya maji, na kile kisichonyweka na jua wala mafunjo huishia katika Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Na ziwa hilo, lenye mito mingi iingiayo, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja.

Mbarara na Jinja zilipata hadhi ya jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020. Jina la Jinja lenyewe latokana na neno la wenyeji la mawe, kwa sababu ya miamba iliyokuwa imejipanga pale Nile inapozaliwa. John Hanning Speke aliifikia miamba hiyo tarehe 28 Julai 1862, katika ile safari aliyokuwamo Sidi Mubarak Bombay, mwongozi ambaye Kiswahili chake kilifungua njia nyingi za bara, akayaita maporomoko yale Ripon kwa heshima ya mtukufu mmoja wa Uingereza. Leo hayaonekani. Bwawa la Owen, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale, liliyazamisha.

Yapasa msomaji aelewe kwanza maji ya kasi ni nini, kwa maana wengi hudhani kwamba ni mto uendao mbio tu. Mto hukasirika pale ambapo kitanda chake hushuka ghafula na kukutana na mawe: maji yapitayo juu ya jiwe huporomoka, kisha hujirudi nyuma na kufanya wimbi lisilosafiri, lisimamalo mahali pamoja usiku na mchana huku maji yenyewe yakipita ndani yake, na nyuma ya jiwe kubwa hugeuka yakapanda kinyume cha mkondo, pakawa mahali pa kupumzikia kwa mwenye maarifa, na mtego kwa asiyekuwa nayo. Waendao mitoni wameyagawa maji haya katika daraja 6, ya 1 ikiwa ni mtikisiko mdogo tu na ya 6 ikiwa ni mahali ambapo hata bingwa hushuka ukingoni akaubeba mtumbwi wake begani. Itanda, iliyo mbele ya Jinja, ina sehemu ya namna hiyo, na wenye mashua za abiria aghalabu huizunguka kwa miguu, jambo ambalo naliona kuwa ni adabu wala si woga.

Fadhila ya Nile ni kwamba, ingawa maji yake hufika kiasi cha mita za ujazo 1,000 kwa nukta moja na pengine hupita hapo, baada ya kila ghadhabu huja bwawa pana lililotulia, hata aliyetupwa nje ya chombo huchukuliwa mpaka mahali pa salama. Chombo chenyewe ni mashua ya mpira yenye vyumba vya hewa vilivyotengana, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea. Abiria huketi pembeni, kila mmoja na kafi yake. Na nasema kafi, si kasia, kwa kuwa kasia hufungwa ubavuni mwa chombo na kafi huwa huru mkononi, tofauti ambayo wavuvi wa pwani huijua tangu utotoni. Nahodha hukaa shetri, akipiga kelele ya mbele, ya nyuma, ya inameni. Kandokando huenda vijana katika kayaki, mitumbwi ya mtu mmoja iliyofungwa kiunoni kwa kitambaa kisichopitisha maji, kazi yao ikiwa ni kuwaokota walioanguka. Kayaki ikipinduka, mwenyewe hatoki: hulaza kafi juu ya maji, akapinda nyonga, akainuka tena na chombo chake. Abiria aliyeanguka naye hufundishwa kulala chali, miguu ikitangulia, na kutothubutu kusimama katika maji yaendayo mbio, kwa sababu mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo humlaza mtu kifudifudi na kumzuia hapo. Hatari nyingine haina kelele: ni kichocho, ambacho Nile inacho, na ambacho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli majuma kadhaa baada ya safari.

Biashara hii ya kuwapitisha abiria katika maji ya kasi ilianza Jinja mwaka 1996, nayo ililetwa na wageni, lakini si haki kusema kwamba elimu ya maji ya kasi ni ya kigeni. Ndugu zetu wa Kongo walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao Kiswahili chao hukisikia kila atembeleaye makazi hayo, watamkumbusha yeyote juu ya Wagenya wa Kisangani, ambao husimamisha miti mikubwa katikati ya maporomoko ya jiji lao, wakatundika mitego ya kusukwa, wakaifikia kwa mitumbwi ya gogo moja. Na huko Busoga husimuliwa kwamba Budhagaali, roho wa maporomoko ya Bujagali, alimthibitisha mteule wake kwa kumvusha juu ya mawimbi akiwa ameketi juu ya kipande cha nguo ya gome la mti. Leo vijana waliozaliwa kando ya mto ndio manahodha, na wengine wao hushindana na mabingwa wa dunia.

Lakini mto wenyewe unapungukiwa na mawimbi. Bwawa la Bujagali, lenye nguvu ya megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012, likayazamisha maporomoko ya Budhagaali baada ya ibada na mabishano ya miaka mingi. Na bwawa la Isimba, la megawati 183, likafuata mwaka 2019. Sipingi umeme, kwa kuwa naandika haya kwa nuru yake. Ila katika mapatano na Benki ya Dunia ya mwaka 2007, serikali iliahidi kwamba maporomoko ya Kalagala, pamoja na misitu iliyo jirani, yatahifadhiwa kuwa fidia ya Bujagali. Ilhali maji ya Isimba yalikuja kufunika sehemu ya eneo hilo hilo la fidia. Kutoa fidia kisha kuila ni jambo linalonihuzunisha kwa dhati, kwani umeme hupatikana kwa jua, kwa upepo na kwa mito mingine, ilhali wimbi lililozama halina mbadala wake.

Wala hatukupoteza mawimbi peke yake. Mwaka 2004 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyeifanya Jinja kuwa maskani yake, aliongoza msafara wa mashua kutoka Ziwa Victoria mpaka Bahari ya Mediterania, safari ya zaidi ya miezi minne. Mwaka 2010 alichukuliwa na mamba katika Mto Lukuga, utokao Ziwa Tanganyika penye mji wa Kalemie, akiwa ndani ya kayaki yake.

Juu ya maporomoko yaliyozama ya Bujagali sasa kuna ziwa tulivu, na hapo ndipo wanagenzi wa kayaki huanzia. Mwalimu husimama katika maji ya kifuani, akaushika mtumbwi wa mwanafunzi na kuupindua kwa mikono yake. Mwanafunzi hukaa chini kwa muda mfupi, kichwa kikiwa juu ya yale mawe ya Budhagaali yaliyolala gizani, kisha hupiga kafi, akapinda nyonga, akaibuka akitweta, huku usoni yakimtiririka maji ambayo baadhi yake yalipita chini ya daraja la Mbarara.