Malta: Nchi Iliyozaliwa na Bandari

Ukiitafuta Malta kwenye ramani utaiona kama nukta kusini mwa Sicily. Visiwa vyake vyote vina jumla ya kilomita za mraba 316, havina mto hata mmoja, na udongo wake ni mwembamba juu ya mwamba wa chokaa. Mkulima wa kwetu Muleba aliyezoea kibanja chenye migomba na mibuni hangeona sababu ya mtu kuhamia huko. Hata hivyo, meli kubwa za watalii hutia nanga Valletta, mji mkuu, na abiria hupewa saa chache tu za kutembea. Naamini saa hizo zinatosha kuielewa nchi hiyo, mradi mgeni aanze na bandari, kwa kuwa ndiyo iliyoizaa Malta ya leo.

Ushahidi uko hapohapo gatini. Bandari Kuu ni ghuba ndefu yenye kina, iliyokingwa na upepo, katikati ya njia ya meli za mashariki na magharibi. Mwaka 1530 Mfalme Charles V aliwapa kisiwa watawa-askari wa Mtakatifu Yohane, waliokuwa wamefukuzwa Rhodes. Hawakukaa Mdina, mji mkuu wa zamani ulio bara. Walikaa Birgu, ufukweni, kwa kuwa nguvu yao ilikuwa merikebu. Waturuki walipoizingira Birgu mwaka 1565 wakashindwa, mkuu wa watawa hao, Jean de Valette, alianzisha mji mpya wenye ngome mwaka 1566, nao ukapewa jina lake. Leo lifti ya Barrakka humpandisha mgeni mita 58 kutoka gatini hadi bustanini, na kutoka huko huziona ngome za pande zote mbili za maji. Kanisa la Mtakatifu Yohane kwa nje ni kavu kama boma. Ndani limejaa dhahabu, na lina mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608 unaoonyesha Yohane Mbatizaji akikatwa kichwa. Napoleon aliichukua Malta mwaka 1798, Waingereza wakafuata mwaka 1800, wote wakiitaka bandari ileile. Kwa ajili yake kisiwa kilipigwa mabomu vibaya mwaka 1942, na jeshi la majini la Uingereza liliondoka mwaka 1979 tu, miaka 15 baada ya uhuru.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mahekalu ya mawe ya Ġgantija, kisiwani Gozo, yalijengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya ngome yoyote. Ni kweli, na hoja yangu haiyafikii mahekalu hayo. Yanastahili safari ya pekee. Wengine watasema imani ndiyo iliyoiunda Malta, kwani Matendo ya Mitume husimulia jinsi Paulo alivyovunjikiwa na meli huko. Lakini hata Paulo aliletwa na bahari, na lugha ya Kimalta, yenye asili ya Kiarabu, maneno mengi ya Kiitaliano na herufi za Kilatini, inaonyesha ni watu wangapi walioingia kwa njia hiyo.

Sisi wa ukanda wa Ziwa Victoria tunapaswa kulielewa jambo hili upesi. Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alipoweka kituo Bukoba mwaka 1890 aliuchagua ufuko; Waingereza walipoushambulia mji mnamo Juni 1915 walikuja kwa meli kutoka Kisumu; na kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 kulitufundisha kwa uchungu kwamba njia ya maji hutoa na pia huchukua. Malta imeipanga historia yake ili mgeni aione kwa miguu, akianzia pale anaposhukia. Bukoba haina ngome za Valletta wala fedha zake, lakini kumwonyesha mgeni majengo ya enzi ya Wajerumani na kumsimulia yaliyotokea ufukweni hakuhitaji ngome. Kunahitaji tuamue kwamba gati letu ni mlango wa historia, si mahali pa kupakulia mizigo tu.