Kompyuta ya Kikundi Imegoma? Tazama Tarehe Kwanza

Kompyuta yenu ikifanyia watafiti hesabu kwa kujitolea kupitia programu ya BOINC, siku moja mtauliza: "Jana kazi ilikuwa asilimia 60, leo ni 48. Tuifute?"

Msifute. BOINC, iliyotungwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni kama mwethya wetu: shamba hugawanywa, kila mtu na kipande chake. Hivyo ndivyo mradi wa MalariaControl.net ulivyokokotoa jinsi malaria inavyoenea, hadi ulipofungwa mwaka 2016. Ukifuta kipande chako, itabidi mwingine akilime upya.

Stima ikipotea, na huku Salama twaijua sana hiyo, kazi hurudi pale ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Ndiyo maana asilimia hushuka. Saa zinazobaki nazo ni makadirio tu, zikiongezeka msishtuke. Kazi ikiandikwa inasubiri, pengine imepisha nyingine ambayo siku yake ya kurudishwa imekaribia, au programu imewekwa ingoje mpaka mtu aache kutumia mashine.

La kuogopa ni tarehe. Ile betri ndogo ya ndani, bapa kama shilingi, ikifa, mashine iliyochomolewa usiku huamka ikidai ni mwaka wa zamani. Hapo BOINC haijui kazi ipi ni ya haraka, na huenda isiweze kuunganishwa na mradi kabisa. Rekebisheni tarehe, kisha nunueni betri mpya. Nyingi huandikwa CR2032. Chomoeni waya wa stima kabla ya kufungua.